Wauzaji wa hedseti watuache tusikie sauti zetu kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo linalowagusa watu wengi wa Dodoma wanaocheza gemu za mtandaoni pamoja na wenzao walio mbali, nalo ni ununuzi wa hedseti, hususan ile maikrofoni ndogo inayokaa mbele ya mdomo. Dukani mnunuzi huwekewa wimbo akasikiliza kwa dakika moja na kuridhika na mdundo wake, lakini sauti yake mwenyewe, ile itakayowafikia wenzake, haisikii hata mara moja mpaka awe amekwisha kulipa na kufika nyumbani.

Mimi ni mtumishi wa umma. Ofisi yetu ilipohamishiwa Dodoma nilipanga nyumba Nkuhungu, nikawaacha wadogo zangu wawili Dar es Salaam na binamu yetu Mwanza. Kila Ijumaa usiku sisi wanne huingia katika Fortnite tukiwa kikosi kimoja, mimi kwa kompyuta ya mezani, mmoja kwa PlayStation na wengine kwa simu, na katika saa hizo mbili ndipo tunapojuliana hali, tukaulizana habari za wazazi na kupanga michango ya harusi, huku tukisakwa uwanjani na wachezaji wengine 96. Mtu akikuambia "yupo nyuma ya ukuta, kulia kwako", na neno la mwisho likamezwa na mlio wa feni, umekwisha kutolewa mchezoni kabla hujamwuliza amesema nini. Na anapokueleza kwamba mama ameanza dawa mpya, unataka kulisikia jina la dawa hiyo bila kumrudisharudisha.

Mwaka jana nilinunua katika duka moja la hapa mjini hedseti ya shilingi 120,000 yenye taa nyekundu masikioni na boksi lililoandikwa 7.1 kwa herufi kubwa. Nilipoifikisha nyumbani maikrofoni haikufanya kazi kabisa. Nilirudi, nikaambiwa bidhaa ikishatoka dukani hairudi, nikauziwa nyingine isiyo na waya. Hiyo ilifanya kazi, lakini mdogo wangu alinivumilia siku mbili tu, kisha akasema, "Kaka, tunausikia upepo na bati la nyumba yako vizuri sana, wewe hatukusikii." Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja wa vifaa vya elektroniki pale Majengo, ambaye alinionyesha kwamba hedseti ya kwanza haikuwa mbovu hata kidogo. Maelezo yake, pamoja na niliyojisomea baadaye, ndiyo ninayotaka wasomaji wenzangu wayapate mapema kuliko nilivyoyapata mimi.

Tuanze na pini ya waya, ile ya milimita 3.5. Ukiitazama kwa makini utaona pete ndogo za plastiki, aghalabu nyeusi, zinazoigawa katika sehemu. Pete mbili hufanya sehemu tatu, yaani sikio la kushoto, sikio la kulia na njia ya pamoja ya kurudisha umeme, na hapo hakuna maikrofoni. Pete tatu hufanya sehemu nne, na ile ya nne ndiyo ya maikrofoni. Simu zenye tundu, kompyuta mpakato nyingi na rimoti za PlayStation 4 na 5 huipokea pini hiyo ya sehemu nne bila shida. Kompyuta nyingi za mezani, kinyume chake, zina matundu mawili, la kijani kwa kusikiliza na la waridi kwa maikrofoni, kwa hiyo ukichomeka pini moja katika tundu la kijani utasikia kila kitu lakini hakuna atakayekusikia wewe. Hicho ndicho kilichonipata. Dawa yake ni kipande cha waya chenye tundu moja upande mmoja na pini mbili upande wa pili, nami nilikinunua kwa shilingi 5,000. Muuzaji angeniuliza swali moja tu, kwamba ninachomeka wapi, tungeokoa fedha na maneno mengi. Mwenye simu isiyo na tundu kabisa, kama zilivyo nyingi tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, atafute hedseti yenye pini inayoingia katika tundu la chaji la simu yake.

Hedseti ya pili ilikuwa ya Bluetooth, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa sababu hedseti hizo hupiga muziki kwa uzuri unaomshawishi mtu. Uzuri huo unatokana na sauti kwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu hadi sikioni. Maikrofoni inapofunguliwa, sauti inapaswa kwenda na kurudi kwa wakati mmoja katika njia ile ile nyembamba, na vifaa vingi huhamia katika mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, ambao huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 au 16,000 kwa sekunde, ilhali CD ya muziki huchukua 44,100. Matokeo yake ni kwamba pande zote mbili hupoteza, kwa maana wewe unasikia milio ya gemu ikiwa imefubaa, na wenzako wanakusikia kama mtu anayezungumza kutoka ndani ya mtungi. Juu ya hayo sauti huchelewa, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100, hata risasi ukaiona kabla ya kuisikia. Upo mfumo mpya wa Bluetooth unaopunguza kasoro hizi, lakini unahitaji simu na hedseti zote ziwe zinauelewa. Anayechukia waya anunue hedseti inayokuja na kipokezi chake kidogo cha USB, kinachotumia masafa ya gigahezi 2.4, kwa kuwa uchelewaji wake ni mdogo sana. Mimi kwa upande wangu nimerudi kwenye waya, na sioni sababu ya kuuacha mtu akiwa ameketi mezani kwake.

Sasa nije kwenye maikrofoni yenyewe, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie, Mhariri. Umbali wake na mdomo una uzito kuliko bei yake. Kila unapouongeza umbali huo maradufu, sauti yako hushuka kwa desibeli 6 hivi, lakini kelele ya chumba inabaki pale pale ilipokuwa. Ndiyo maana maikrofoni iliyofichwa kwenye waya kifuani, au ndani ya kikombe cha sikio, hushindwa na ile iliyo kwenye mkono mwembamba unaofika pembeni mwa kinywa, hata kama hii ya pili ni ya bei nusu. Iwekwe upana wa vidole viwili kutoka kwenye kona ya mdomo na isikae mbele ya midomo kabisa, maana pumzi ya herufi "p" na "b" huipiga na kutoa mlipuko. Iwe pia ya aina inayosikiliza upande mmoja tu, si ile inayosikiliza pande zote, na muuzaji makini anapaswa kuijua tofauti hiyo. Kofia ya sponji juu yake ni kitu cha bei ndogo sana, na kwetu huku ni ya lazima.

Nasema ni ya lazima kwa sababu nyumba zetu zina tabia zake. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma huvuma jioni hadi bati likapiga makofi, na kwa kuwa joto la mchana huwa bado limo ndani, madirisha yako wazi na feni inazunguka. Sakafu ni vigae, kuta ni tupu, mapazia ni mepesi, na kila neno hurudi kama mwangwi. Katika chumba cha namna hiyo ninawaonya vijana wasikimbilie maikrofoni kubwa za mezani, zile za kondensa wanazoziona kwa watengeneza video. Ni vifaa vizuri mno, ila wepesi wao wa kunasa sauti ndogo hauchagui, na mwenzetu aliyeinunua alituletea jogoo wa jirani, vitufe vya kibodi yake na pikipiki zilizokuwa zikipita barabarani. Angekuwa na chumba chenye zulia na pazia zito ningemwambia mengine. Programu za kuchuja kelele husaidia, na Discord, programu ambayo wachezaji wengi huitumia kuzungumza, imekuwa nayo ya namna hiyo tangu mwaka 2020. Hata hivyo huishinda feni kirahisi kuliko zinavyoishinda mvua juu ya bati, maana kelele ikikaribia kulingana na sauti, programu huanza kutafuna maneno yenyewe. Kwa usiku wa mvua, tumieni ule mpangilio wa kubonyeza kitufe ndipo maikrofoni ifunguke.

Kuhusu ile 7.1 ya kwenye boksi, yaani ahadi ya sauti inayokuzunguka kana kwamba una spika saba na moja ya mdundo mzito, nitasema machache. Ndani ya hedseti hiyo kuna spika mbili tu, moja kila sikio, na hiyo "saba nukta moja" ni hesabu inayofanywa na programu. Gemu nyingi zina hesabu yake yenyewe kwa ajili ya wanaovaa hedseti, na ukiziwasha zote mbili pamoja, mwelekeo wa vishindo vya miguu huvurugika badala ya kunyooka. Vilevile boksi linalojisifu kufika hezi 40,000, yaani mitetemo 40,000 kwa sekunde, linakuuzia usichoweza kukisikia, kwa kuwa sikio la binadamu huishia kwenye hezi 20,000, na kadiri umri unavyosonga hupungua hata chini ya hapo.

Afadhali fedha hizo ziende kwenye mambo yanayodumu. Ngozi bandia ya kwenye vikombe huchanika upesi kwa jasho na joto, na kitambaa hustahimili zaidi. Waya unaochomoleka kwenye kikombe ni bora kuliko uliofungwa humo moja kwa moja, kwa sababu waya ndio hufa kwanza, karibu na pini unapokunjwa, na fundi hawezi kuupata uliofanana nao kila mara. Vikombe vinavyoziba sikio vizuri navyo vinamwezesha mtu kupunguza sauti. Shirika la Afya Duniani na lile la Mawasiliano la Kimataifa, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, waliweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kijana anayecheza kila usiku huku akiongeza sauti ili aishinde feni anaweza kukikaribia kikomo hicho bila kujua.

Ombi langu kwa wafanyabiashara wa hapa Dodoma ni hili. Fungueni boksi moja la kila aina mnayouza, liwe la mfano, mkaliunganishe na simu au kompyuta ya dukani. Mteja azungumze kwa nusu dakika mlango ukiwa wazi na magari yakipita, mrekodi, kisha asikilize alichosema. Ninaelewa hofu ya bidhaa kuchakaa na ya usafi wa kitu kinachovaliwa na watu wengi, lakini ni boksi moja tu, na kitambaa chenye dawa kinatosha kuvifuta vikombe kati ya mteja na mteja. Kwenye karatasi ya bei andikeni pia idadi ya pete za pini, na kama kompyuta ya mezani itahitaji ule waya wa kugawa. Fundi wa Majengo alinirekodi hivyo kwa simu yake mwenyewe, akanisikilizisha hedseti tatu moja baada ya nyingine, nami nikachagua ya shilingi 45,000 ambayo ninaitumia hadi leo.

Mahali ambapo meza ya namna hiyo bado haijawekwa, mnunuzi aende na simu yake yenye tundu, aombe kuchomeka pini na kujirekodi papo hapo kwenye kaunta, na muuzaji akikataa, ahamie duka linalofuata.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma