Unaomba Saa Ngapi, Mwanangu?

Chavakali, Vihiga

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu Yesu. Sisi huku hatujambo, ila goti la mama yako, na hilo nitalieleza mbele. Tangu ulipopiga simu Jumapili kutoka huko Lodwar, Turkana, sijatulia. Ulinipa habari za watoto wa shule ya Jumapili, za tangi la maji, za pikipiki ya misheni iliyowafia njiani, na ulipokuwa unaaga ukapitisha neno moja harakaharaka: "Baba, siku hizi nahubiri lakini mimi mwenyewe sisikii kitu." Kisha simu ikakatika. Nikapiga tena, hupatikani.

Ya Kainuk nimeyasikia redioni kama kila mtu, na nitayasemea. Lakini kusema kweli, mama, neno lako hilo limeninyima usingizi kuliko risasi za wezi wa mifugo.

Nina swali, na nataka ulijibu: unaomba saa ngapi? Siulizi maombi ya kufungua ibada, wala ya kuwaombea wagonjwa, wala ya mkesha ambao wewe ndiwe unauongoza. Nauliza wewe, mlango umefungwa, hakuna anayekungoja nje, hakuna wa kuitikia amina. Ulipokuja Desemba nilikuangalia. Biblia yako ilijaa vikaratasi vya masomo, na kila ulipoifungua ulikuwa na kalamu mkononi, unatafuta cha kuwafundisha wengine. Sikusema kitu. Nyumba ilijaa wageni, kila mtu anataka kumwona mmisionari wetu, na mimi ndiye niliyekuwa nikikuzungusha kwa majirani mpaka jioni.

Sijasema kazi yako ni bure. Kanisa zima hapa linajua ulivyoacha kazi nzuri Kisumu ukaenda kwenye joto lile, na mimi natembea sokoni nikiwa nimeinua kichwa kwa ajili yako. Lakini fahari yangu mimi haikuombei. Mtume Paulo mwenyewe, pamoja na safari zake zote, aliogopa asije akawahubiria wengine kisha yeye akakataliwa. Kama Paulo aliogopa, wewe una umri gani usiogope?

Habari za Kaimosi, kanisa letu la Marafiki (Quakers) lilipoanzia huku, umezijua tangu utotoni, sitazirudia. Ila kuna mahali huwa tunaparuka tukisimulia. Tunaanza mwaka 1902, wamisionari Hotchkiss na Chilson na Hole wanashuka garimoshi Kisumu, wanapanda mpaka Kaimosi, wanaanza kiwanda cha mbao na shule, basi watu wanapiga makofi. Hatusemi kwamba Hotchkiss alikuwa ameshaonja mengine kabla ya hapo. Alikuja kwanza mwaka 1895 na kundi la Africa Inland Mission, wakaingia Ukambani. Kiongozi wao, Peter Cameron Scott, akafa kwa homa Desemba 1896, hajafikisha hata miaka thelathini. Wengine wakafa, wengine wakarudi kwao, na ikafika wakati Hotchkiss akabaki peke yake. Hapakuwa na kwaya, hapakuwa na kamati, hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi. Mtu na Mungu wake, na homa. Nadhani Kaimosi yetu ilizaliwa kule, kabla hata hajaiona. Mtu hawezi kupanda vilima hivi kuanza upya, baada ya kuzika wenzake, kwa nguvu za kuandaa masomo tu.

Na Chilson huyohuyo, mwaka 1934, tayari ni mzee, alikwenda kuanza tena Burundi, akafia huko 1939. Huwa najiuliza alikuwa akila nini rohoni.

Wewe umekua ukiniona nikinoa msumeno kwa tupa kabla sijagusa mbao. Kijana ninayefanya naye kazi sasa haoni maana yake, anasema tunapoteza asubuhi. Ukimkuta saa nne jasho linamtiririka, mbao imebadilika rangi ikawa kahawia pale msumeno ulipopita, inanuka moshi, na mstari umepinda. Anasukuma kwa nguvu zaidi. Mama, ndivyo ulivyosikika kwenye simu.

Sasa nije kwa yule nyanya. Katika barua yako ya mwezi wa tatu uliandika kurasa nzima juu ya mkutano wa injili, vipaza sauti vilitoka wapi, watu walitoka wapi, na mistari michache tu mwishoni juu ya nyanya wa ng'ambo ya mto Turkwel. Kwamba uliposhikwa na malaria alikuja jioni, akaweka kibuyu cha maji karibu na kitanda chako, akaketi chini ameegemea ukuta, na usiku kucha hukumsikia akisema neno, ila shanga zake shingoni zikigongana kila alipogeuka. Wewe Kiturkana chako bado ni cha salamu, yeye Kiswahili hajui. Kulipokucha akakushika kichwa, akamtaja Akuj, ndilo jina la Mungu kwao, akaenda zake kutafuta mbuzi. Ukaandika "alikuwa mwema sana", ukarudi kwenye mambo ya vipaza sauti.

Mwanangu, hayo ndiyo niliyotaka uniandikie kurasa nzima! Huyo ni mtu uliyetumwa kwake umhubirie. Siku huna sauti ya kuhubiri, yeye ndiye aliyekuja na Mungu chumbani mwako.

Marafiki walianza hivyo. Watu waliketi kimya wakimngoja Bwana, hakuna mhubiri aliyepangwa, mpaka Roho amguse mmoja aseme, na kama hakuna aliyeguswa waliinuka wakaenda nyumbani, ibada imekwisha. Sisi huku tulipokea injili kwa mahubiri na nyimbo, na ni vizuri, sitaki mtu aniondolee ngoma Jumapili. Wanasema Kenya ndiyo yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani, nami nafurahi. Lakini kimya tumekisahau. Kwenye ratiba kipo, na hata kabla watu hawajakaa vizuri mtu ameanzisha pambio. Katika nyumba yangu hakikuwepo kabisa, mimi ni mtu wa kuongea na wewe unanijua. Kwa hiyo ulifika Lodwar unajua kuongoza, kuimba, kufundisha na hata kukemea, na hakuna aliyewahi kukuonyesha namna ya kuketi mbele za Bwana bila kazi mkononi. Nyanya yule amekuonyesha. Rudi kwake. Usimpelekee somo. Beba unga kidogo na majani ya chai na sukari, ukae naye chini ya mti, hata kama hamna la kusemezana. Mwache akuombee kwa lugha yake. Kama imani ya watu wa huko haiwezi kukulisha wewe, basi sijui unawaitia nini.

Halafu hili la ubatizo. Ulisema watu wanakuuliza kwa nini Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawagawi mkate na divai, maana Wakatoliki wako hapo na A.I.C. (Africa Inland Church) wako hapo na wote wanabatiza. Ukasema uliwajibu nilivyokufundisha, kwamba ubatizo ni wa Roho, na walipokuuliza zaidi ukaishiwa. Maneno yangu yanatosha hapa Chavakali, ambako kila jirani alizaliwa Rafiki. Huko hayatoshi, na si kosa lako. Lakini usigombane na wale wa makanisa mengine, walitangulia kufika na wamewazika watu wengi huko kwa heshima. Na usijibu usichokiamini bado. Mwambie mtu, "Hapo mimi mwenyewe bado natafuta." Je, kuna aliyeacha kuamini kwa sababu mmisionari alikiri hajui? Kisha urudi chumbani umuulize Bwana mwenyewe, maana huenda jambo hilo ndilo litakalokutoa kwenye dini ya baba yako likuingize katika yako. Mimi nitashukuru, hata kama hutarudi na majibu yaleyale niliyokupa.

Unaona narudi palepale. Unaomba saa ngapi?

Soma 1 Wafalme 19, na tafadhali weka kalamu mbali. Eliya amemaliza kazi kubwa juu ya Karmeli, siku chache baadaye yuko chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumpa mahubiri. Alimwambia ainuke ale, akampa mkate na maji, Eliya akala akalala tena. Sauti ile ndogo ilikuja baada ya usingizi na chakula na safari ndefu. Wewe ulirudi Desemba mifupa ya shingo inaonekana. Mama yako alilia jikoni, hakutaka nikuambie. Bwana Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi waende kando wapumzike, wakati watu ni wengi hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Kwa hiyo chagua siku moja katika juma, uwaambie wenzako kwamba siku hiyo haupo. Watanung'unika. Waache wanung'unike.

Na usidhani kutosikia kitu ni kuachwa. Zaburi zimejaa watu waliomuuliza Mungu, "Hata lini?" na zikawekwa katika Biblia, hazikutupwa. Mwambie hivyohivyo. Kinachonitisha mimi ni wewe kuzoea, ukajua kuomba vizuri mbele za watu bila kumkosa Mungu ukiwa peke yako. Nimewaona watumishi wa namna hiyo, sitawataja. Wanahubiri mpaka wanastaafu, na nyumbani ni watu wakali.

Ripoti ya Mkutano wa Mwaka wa kanisa, andika ulichokiona. Kama walioongoka ni saba andika saba. Usiwaongezee wale walioinua mikono kwa sababu walisikia kuna chakula. Njaa ni njaa, wape chakula kwa sababu wana njaa, na mambo ya kuokoka yaongee siku nyingine. Pesa yako ya matumizi najua imechelewa tena. Nimemwendea mweka hazina, ameahidi, na mimi nitamwendea tena Jumatano. Usikope kwa wenye maduka.

Safari ya Agosti: usipande gari la usiku, hata kama nauli ni nafuu. Anza asubuhi Lodwar, upite Lokichar na Kainuk jua likiwa juu, ukishafika Marich unitumie ujumbe, na ukifika Kitale unitumie mwingine. Kama wenyeji wanasema barabara si nzuri siku hiyo, wasikilize wao kuliko ratiba ya misheni.

Goti la mama yako: daktari wa Mbale alisema apunguze vilima. Apunguze vilima vipi katika Vihiga? Anapaka dawa na bado anapanda kwenda kwenye maombi ya akina mama kila Alhamisi. Ng'ombe amezaa, ndama jike, maziwa yapo. Mabati ya jikoni yanavuja pale juu ya meko, nitayabadilisha nikilipwa zile benchi za kanisa. Ndugu yako ana mtihani mwaka huu na hesabu inamsumbua. Akikupigia, mtie moyo, usimhubirie. Kuna familia kutoka upande wa Mudete ilikuja kuuliza habari zako, mama yako anataka nikuulize unasemaje kuhusu ndoa. Nimekuuliza. Jibu mwambie yeye.

Nakutumia kifurushi kwa dereva yuleyule wa Kitale: unga wa wimbi, karanga za mama yako, omena wa Kisumu waliokauka vizuri, na chandarua kipya. Kile cha zamani mpe mtu, lakini kishone kwanza, ulisema kina tundu. Unga usiumalize kwa wageni.

Hili la maombi usilijibu kwa simu. Kwenye simu utaniambia "niko sawa, Baba," na watu wanakusikia pembeni. Niandikie, hata kama ni ukurasa mmoja na hata kama hayapendezi, umpe dereva siku anaporudi.

Ni mimi baba yako.