Mtoto akikaa kimya, tumwache

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Ninafundisha hisabati sekondari, na ninaona tunawanyima wanafunzi muda wa kukaa tu, bila kufanya lolote.

Siku hizi anayemaliza zoezi mapema hupewa tableti ili asikae bure. Mapumziko nayo ni ya kuinamia simu. Akikutana na swali gumu, hata hajakwama sawasawa, kidole kimeshafika kwenye kioo kutafuta jibu.

Kuna kijana mmoja alihangaika na pembe za duara kipindi kizima, mpaka karatasi ikatoboka kwa kufutwafutwa. Nikamwambia afunge daftari. Akaegemeza kidevu kiganjani, akawa anatazama nje. Mwalimu mwenzangu alipopita alitaka kumgombeza kwa uvivu, nikamwomba amwache. Baada ya kitambo kijana akachukua rula, akachora mstari mmoja kutoka kitovu cha duara hadi kwenye mzingo. Pembetatu mbili zikajitokeza, na swali likawa limekwisha.

Wanahisabati wanalijua hili tangu zamani. Mfaransa Henri Poincaré alisimulia mwaka 1908 jinsi jibu alilolihangaikia lilivyomjia ghafla akiwa safarini, alipokanyaga ngazi ya gari la abiria huko Coutances, wakati mawazo yake hayakuwa kwenye hesabu kabisa. Alisisitiza pia kwamba lazima kazi ngumu itangulie. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: sitetei uzembe. Ninatetea kile kipindi kinachofuata baada ya jasho, ambacho ndicho tunachokifuta.

Sayansi nayo imelitazama jambo hili. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake, huko Marekani, walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo zinazofanya kazi zaidi mtu akiwa ametulia kuliko akiwa ameshughulishwa na kazi maalumu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na matumizi hayo hayapungui sana eti kwa sababu mtu amekaa kimya.

Kinachonitisha ni jinsi tulivyopoteza uwezo wa kutulia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, watu waliachwa chumbani dakika 15 na mawazo yao, pamoja na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza. Kama watu wazima wanashindwa, mtoto atawezaje, naye ameshikilia kifaa ambacho kurasa zake hazina mwisho, kila ukishusha kidole zinakuja nyingine? Aliyebuni mtindo huo mwaka 2006, Aza Raskin, ameshaeleza hadharani kwamba anaujutia.

Nawaomba wakuu wa shule waache mapumziko yawe mapumziko kweli, na simu zikae mbali na madawati. Kwenu wazazi, mtoto akilalamika kwamba hana la kufanya, msikimbilie kumpa simu. Mwacheni alalamike. Atanuna kidogo, atazungukazunguka, kisha atapata wazo lake mwenyewe la kufanya.

Wako msomaji,
Mwalimu wa hisabati