Mwanangu Neema, kabla hujanunua shampuu

Marahaba mwanangu. Voisi yako niliisikiliza jana usiku nikiwa barazani, mbwa wangu Tomi kalala miguuni kwangu, nikairudia mara tatu. Nimefurahi sana kusikia umepata kimbwa, na ulivyosema "ni jemani kabisa baba, masikio yatasimama tu" nikakuona vile ulivyokua mdogo. Alafu ukauliza shampuu gani ununue. Nilitaka nikujibu pale pale kwa voisi nikashindwa, ndo maana leo nimekaa naandika, kwa sababu kuna jambo nina miaka natakiwa nikwambie na kwa mdomo halitoki.

Iyo shampuu tutaifikia, ngoja nianze na mikono yako. Kila jioni ukirudi kazini, kabla hujamwekea chakula, kaa chini umpakate umpapase mwili mzima. Wewe unamkagua, yeye atajua unambembeleza, na akizoea toka mdogo hatakusumbua akiwa mkubwa na meno yake yale. Anza kichwani, lifunue sikio uchungulie na unuse kabisa, sikio zima halina harufu mbaya, likinuka uchachu au ukiona uchafu mweusi kama kahawa ya kusaga ujue kuna kitu, na usimwingizie pamba za vijiti ndani, futa pale unapopaona tu. Shuka shingoni, pitisha kidole chini ya kola, kupe wanapenda sana kujibana pale. Kwapani, kwenye kinena, chini ya mkia, alafu katikati ya vidole kimoja kimoja, hapa ndo watu wengi hawafiki. Kupe mchanga utamsikia kama punje ya ufuta, aliyeshiba anafika ukubwa wa harage na anakua wa kijivu. Ukimkuta usimchome na kiberiti wala usimpake mafuta ya taa kama tulivyokua tunafanya sisi zamani, mshike na kibanio karibu kabisa na ngozi umvute taratibu kwa kunyoosha, umtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue na kucha.

Mwisho kabisa funua mdomo. Bonyeza ufizi juu ya chonge kwa kidole gumba, patakua peupe, achia uhesabu moja, mbili, damu iwe imesharudi. Ufizi wa mbwa mzima ni wa pinki na una unyevu. Kama wa kwako ana ufizi mweusi, na wapo wengi ivo, basi vuta kope la chini la jicho uangalie rangi ya ndani.

Sasa nikwambie kwa nini.

Simba, mbwa wetu wa zamani, unamkumbuka. 2016 ulikua kidato cha pili, uko bweni, ukarudi likizo ya mwezi wa kumi na mbili ukamkuta hayupo, nikakwambia nimempeleka Muheza kwa baba yako mdogo akalinde shamba. Neema, Simba hakwenda Muheza. Alikufa mwezi wa kumi na moja mwaka ule na nilimzika mwenyewe chini ya mwembe, upande ule uliokua unafunga bembea.

Ilianza wakati wa masika. Akakataa kula siku tatu, analala tu nyuma ya tanki, ukimwita anainua macho bila kichwa. Nikasema kanuna kwa sababu wewe umerudi shule. Nilisema ivo mbele ya mama yako na mama yako akaniambia huyu mbwa anaumwa, baba Neema, mguse masikio yana moto, nikamwambia mbwa si mtu, atapona. Na kweli siku ya tano akainuka akala ugali wake na dagaa, nikajiona nilikua sahihi. Akakaa vizuri miezi. Alipungua kidogo lakini manyoya yake yalikua marefu yakaficha, na mimi mkono wangu ulikua haujapita chini ya yale manyoya toka sijui lini. Namfungulia usiku, namfungia asubuhi, namwekea chakula, nilikua najua anavyobweka akiona mtu na anavyobweka akiona paka, nilijua sauti yake kuliko sauti za majirani, ila mwili wake nilikua siujui.

Mwezi wa kumi na moja nikakuta matone ya damu sakafuni barazani. Nikadhani kaua panya. Kesho yake nikaona inatoka puani kwake. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki jioni ile, mtu mpole sana, hakuniuliza kitu, akapiga magoti akamfunua mdomo na mimi nikaona ufizi wa mbwa wangu mweupe kama ugali wa sembe. Alafu akalifunua sikio la kushoto akaanza kuwatoa kupe anawaweka kwenye kifuniko cha chupa, mmoja mmoja, nikahesabu kumi na saba kwenye sikio moja. Sikio ambalo wewe ulikua unalilalia ukiangalia tv.

Alichukua damu ikapimwa, ikawa ugonjwa wa kupe, erlikiosisi, kuna bakteria kupe anamwachia mbwa anaingia kwenye seli nyeupe za damu. Akanieleza kitu ambacho sijakisahau, kwamba ugonjwa huu unakuja kwa awamu, mwanzo homa na kukataa kula, alafu mbwa anaonekana kapona kumbe umejificha, unaweza kujificha miezi hata miaka, alafu kwa wengine unarudi ukiwa umeshaharibu uboho na damu haigandi tena. Zile siku tatu za masika ndo ilikua nafasi yetu. Doksi, mwanangu, vidonge vya doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, vidonge ambavyo hata duka la dawa la mtaani vipo. Tulimwanzishia iyo iyo jioni ila alikua ameshachelewa, yaani nilikua nimemchelewesha mimi. Siku ya tatu alfajiri nilikua nimekaa nae, kichwa chake kwenye paja langu, akapumua mara moja ndefu basi.

Nilikudanganya kwa sababu nilishindwa kukuangalia usoni. Na baba yako mdogo nae nikamwingiza kwenye uongo, ndo maana kila ukimpigia kumuuliza Simba anaendeleaje alikua anasema mtandao unakata. Nisamehe mwanangu. Ningeweza kukaa nayo ila sasa umemshika mbwa wako mwenyewe, na sitaki ujifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

Nilikaa karibu miaka miwili bila mbwa. Kabla sijamchukua Tomi niliziba nyufa zote za banda kwa saruji nikapaka chokaa, maana kupe huyu wa mbwa hakai juu ya mbwa muda wote, ananyonya akishiba anadondoka, anapanda ukutani anaingia kwenye ufa anakua, anarudi tena, anafanya ivo mara tatu katika maisha yake, na jike mmoja anataga mayai kwa maelfu. Kwaiyo ukimwogesha mbwa dawa ya kupe ukaliacha banda, wiki mbili zijazo uko pale pale. Na hiyo dawa ya kuogesha muulize daktari kipimo, usichukue ya ng'ombe ukakadiria na kizibo, mbwa anajilamba. Kuna kola na vidonge vya kupe siku hizi, bei imesimama kidogo ila ukipiga hesabu ya matibabu ni nafuu.

Huyo wa kwako ulisema ana wiki saba au nane. Chanjo mwanangu usichelewe hata wiki moja. Parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua vimbwa, zina chanjo moja ya mchanganyiko, inaanza wiki ya sita mpaka ya nane alafu inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita, sindano moja haitoshi hata kama aliyekupa atasema "ameshachanjwa", omba kadi. Mpaka amalize usimshushe barabarani wala usimpeleke kucheza na mbwa wasiojulikana wana chanjo gani. Parvo ni kutapika na kuhara damu, harufu yake ukiisikia mara moja hausahau, kimbwa anaweza kukauka maji akafa ndani ya siku mbili tatu. Na kirusi chake kinakaa kwenye udongo zaidi ya mwaka, kwaiyo muulize mwenye nyumba kama kuna mtu aliwahi kufiwa na mbwa kwenye ua huo. Kama yupo, sakafu na vyombo vioshe na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, uache ikae dakika kumi. Udongo ndo hauoshiki, usimweke chini huko mpaka chanjo ziishe.

Kichaa cha mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu, alafu kila mwaka, na hii ni yako kama ilivyo yake. Dunia nzima wanakadiriwa kufa watu 59,000 kwa mwaka kwa kichaa, wengi Afrika na Asia, na karibu wote wanakua wameng'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa. Akikung'ata mbwa yoyote, hata akikukwaruza tu, hata kama ni wa jirani unayemjua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa kuangalia saa, alafu hospitali siku iyo iyo. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni 28 Septemba, ikikaribia sikiliza mtaani kwenu kama kuna chanjo za bure. Uzuri uko Morogoro, hapo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ndo wanafundishia madaktari wa mifugo na wana hospitali ya wanyama, nenda nae akiwa mzima ili wamjue kabla hajaumwa. Na minyoo wasikusahaulishe, watoto wa mbwa wanazaliwa nayo toka tumboni kwa mama yao, ukiona katumbo kameduara kama ngoma na mbavu zinahesabika usiseme kanenepa.

Haya shampuu sasa. Nunua ya mbwa, yoyote ambayo haina manukato makali, sabuni ya unga na ya mche hapana, ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko ya kwetu inakauka na kuwasha, alafu anajikuna anatoka vidonda. Mara moja kwa mwezi inatosha, labda ajigaragaze kwenye kitu. Maji ya uvuguvugu, mchana jua likiwepo, umkaushe na taulo mpaka kwenye vidole. Ila burashi ndo kazi. Hao majemani wanapukutisha manyoya mwaka mzima, mchane walau kila baada ya siku moja, burashi inatoa manyoya yaliyokufa na mkono wako unapita pale pale panapotakiwa. Kucha ukianza kuzisikia zinagonga kwenye vigae ujue ndefu, kata ncha tu kidogo kidogo, ndani kuna nyama na mshipa, ukiukata damu itatoka na siku nyingine akiona mkasi atakimbia.

Akitoka upele mtu atakushauri umpake oili chafu ya gari. Watakwambia wengi na kwa uhakika kabisa. Usikubali, inaunguza ngozi na anailamba ina sumu, mpeleke akwanguliwe ngozi waangalie ni wadudu gani.

Chakula mengi unayajua, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, vitunguu na chokoleti hapana. Ila nitakazania unga. Watu wakiona dona limeota ukungu wanasema la mbwa hilo. Ule ukungu una sumukuvu, unaua ini la mbwa kabisa, kama huwezi kuula wewe umwage. Na akionekana ana maumivu usimpe Panadol wala diklofenaki yako ya mgongo, zinamuumiza tumbo, figo na ini.

Kingine, mama mwenye nyumba ni Muislamu, ulinambia. Kwake mate ya mbwa ni najisi, yakimgusa nguo anatakiwa aoshe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na yeye ni mtu mzima na maji mnachota bombani. Kwaiyo asubuhi anapotoka kwenda kuswali mbwa awe amefungwa, ndoo na kamba ya nguo visiwe njia moja, na mwambie wewe mwenyewe mapema kabla hajalalamika. Ukimheshimu atakua wa kwanza kukupigia simu mbwa akilia ukiwa kazini. Mzee Shabani hapa jirani hajawahi kumgusa Tomi na ndo aliyeniambia wiki iliyopita kwamba anachechemea, nikaangalia nikakuta mwiba.

Kesho nakutumia mzigo na basi, uende stendi jioni. Kuna burashi ya Tomi ya zamani, kibanio, na kola ya Simba, ile ya ngozi ulioandika jina lake kwa peni. Niliificha kabatini. Itamkaa kubwa miezi minne mitano, usimlazimishie.

Nipigie ukishasoma, hata kama umekasirika. Na asubuhi kabla hujatoka mfunue mdomo umpige picha ya ufizi karibu na dirisha penye mwanga unitumie, nataka kuiona iyo rangi mwenyewe.

Baba yako,
Pongwe