Faili Moja, Watu Sita: Kwa Nini Kanzidata ya Ofisini Huharibika

Wateja wengi hutujia na ombi lilelile: "Mfumo wetu umechoka, tutengenezeeni mwingine." Tukiufungua, mara nyingi tunakuta mfumo mzima kabisa. Aliyeujenga aliijua vizuri kazi ya ofisi yake, majedwali yamepangwa kwa akili, ripoti zinatoka. Tatizo ni kwamba fomu na data vyote vimo ndani ya faili moja, faili hilo limewekwa kwenye folda ya pamoja, na kila asubuhi watu sita wanalifungua kwa wakati mmoja.

Makala hii ni yenu mnaotengeneza mifumo ya aina hiyo, iwe kwa Access, kwa SQLite au kwa FoxPro ya zamani ambayo bado inasukuma kazi (zote ni programu za kutunza kanzidata, yaani data iliyopangwa kwenye majedwali), kwa sababu siku faili linapogoma kufunguka ni nyinyi mnaopigiwa simu.

Tuanze na Access, maana ndiyo tunayoletewa zaidi. Access haina seva inayopokea maombi na kuyapanga. Kila kompyuta huingia yenyewe ndani ya faili lililoko upande wa pili wa mtandao na kuandika kurasa zake, kila ukurasa ukiwa na KB 4. Mawasiliano yakikatika katikati ya uandishi, ukurasa unaweza kubaki nusu mpya, nusu wa zamani, na hakuna yeyote upande wa pili wa kuurekebisha. Ndiyo maana hatumruhusu mteja wetu yeyote kuandika kwenye faili la data kupitia Wi-Fi. Waya, hata kama inabidi kutoboa ukuta. Kikomo rasmi cha watumiaji 255 kwa wakati mmoja ni cha kwenye karatasi. Hali ya mtandao ndiyo inayoamua idadi halisi, na kwa kawaida huwa chini ya hapo kwa mbali sana.

Hatua ya kwanza tunayochukua karibu kila mara ni kugawa faili. Majedwali yanabaki kwenye faili la data, kwenye kompyuta ya pamoja. Fomu, ripoti na msimbo vinakaa kwenye faili la pili, na kila mtumiaji anapewa nakala yake mwenyewe kwenye diski ya kompyuta yake. Access ina kifaa cha kugawa ndani yake, na kazi yenyewe haichukui muda. Kinachosahaulika ni sehemu ya pili: watu wanagawa faili halafu wote wanaendelea kufungua faili moja la fomu kutoka folda ya pamoja. Hapo bado hujagawa. Andika skripti ndogo inayonakili toleo jipya la faili la fomu kwenye kompyuta ya mtumiaji kila anapobofya alama ya mfumo. Kuanzia siku hiyo, ukitaka kurekebisha ripoti huhitaji kuwaomba watu watoke.

Na msiweke faili la data kwenye folda inayosawazishwa na wingu. Watu wawili wakiandika kwa pamoja, huduma ya wingu haijui kuunganisha kazi zao; inatengeneza mafaili mawili, na mmoja wao anapoteza siku nzima ya kazi.

Baada ya kugawa, wapo wanaolalamika kwamba sasa mfumo umekuwa mzito, na wanasema kweli. Fungua folda ya data uangalie. Mtumiaji anapofungua fomu, pembeni ya faili la data, lenye mwisho wa .accdb, linatokea faili dogo la .laccdb. Akifunga fomu, linatoweka. Akifungua nyingine, linatokea tena. Hilo ni faili la kufuli, linaloandika nani yumo ndani, na kila linapozaliwa upya mtumiaji anasubiri. Dawa yake ni kuacha jedwali moja dogo la faili la data likiwa wazi tangu mfumo unapowashwa hadi unapozimwa. Fomu iliyofichwa inayosoma jedwali la rekodi moja inatosha. Tumeona fomu zilizokuwa zikisuasua zikifunguka papo hapo kwa badiliko hilo peke yake. Mkiwa hapohapo, hakikisheni kila mtumiaji ana ruhusa ya kuunda na kufuta mafaili ndani ya folda hiyo. Bila ruhusa hiyo faili la kufuli haliwezi kutengenezwa, na wa kwanza kuingia huwafungia wenzake nje.

Sasa tarehe, kosa linalotusikitisha kuliko yote kwa sababu halitoi ujumbe wowote. Mtumiaji anaandika 05/03/2024, akimaanisha tarehe 5 Machi. Programu inachukua maandishi hayo kama yalivyo na kuyabandika ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, kati ya alama mbili za #. Ndani ya SQL, Access hutanguliza mwezi kwa mpangilio wa Kimarekani, hata kama kompyuta yako imepangwa vingine. Ripoti inaleta mauzo ya tarehe 3 Mei. Lakini 20/03/2024 inasomwa sawasawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 20 na Access inageuza yenyewe. Maana yake ni kwamba mfumo unakosea kuanzia tarehe 1 hadi 12 na kupatia siku zote zilizobaki. Tuliwahi kupokea mfumo ambao mtengenezaji wake alikuwa akiufanyia majaribio mwisho wa mwezi tu, wakati wa kufunga hesabu. Kila alipojaribu ulipatia, na kila wiki ya kwanza ya mwezi mhasibu alilia. Andikeni mwaka mbele, #2024-03-05#, au bora zaidi mtumie vigezo, yaani thamani zinazopelekwa kando ya amri, badala ya kuunganisha maandishi.

Kwenye pesa tuna neno moja: msitumie namba za desimali zinazoelea, kwa kuwa huhifadhi makadirio tu. Access ina aina ya Currency, inayotunza tarakimu nne kamili baada ya nukta. Kwenye SQLite, hifadhini senti kama namba nzima.

SQLite yenyewe tunaipenda. Iko imara, faili lake linasomeka karibu kila mahali, na kwa programu ya mtumiaji mmoja hatuoni sababu ya kuhangaika na kitu kikubwa zaidi. Ila ina tabia zake. Kanuni inayozuia kufuta mteja ambaye bado ana ankara haifanyi kazi mpaka uiwashe kwa PRAGMA foreign_keys = ON, na lazima uiwashe kila unapofungua muunganisho. Safu uliyoitangaza kuwa ya namba inakubali maneno bila kulalamika, isipokuwa uandike STRICT unapotengeneza jedwali, jambo linalowezekana tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021. Na ukitumia hali ya WAL, ambayo huandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, usinakili faili kuu peke yake wakati programu inaendelea, kwa kuwa rekodi za karibuni zinaweza kuwa bado zimo kwenye faili hilo la pembeni lenye mwisho wa -wal. Tumia VACUUM INTO, ikupe nakala iliyo kamili. Kwa kuchungulia data, DB Browser for SQLite ni ya bure na inatosha kabisa.

Kwa msimbo wa Access, zana iliyotuokoa mara nyingi ni SaveAsText. Inatoa kila fomu na moduli kama maandishi ya kawaida, ambayo mnaweza kuyaweka kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, na kuona nani alibadilisha nini. Pia weka Option Explicit, inayokulazimisha kutangaza kila kibadilika, juu ya kila moduli. Kama msimbo unaita kazi (functions) za Windows moja kwa moja, ongeza PtrSafe kwenye matamko hayo na uhakikishe anwani za kumbukumbu zimetangazwa kama LongPtr, kwa kuwa tangu Office 2019 usakinishaji wa kawaida ni wa biti 64 na msimbo wa zamani utakataa kukompailiwa.

Kuna siku ya kuhama kweli. Faili la Access halivuki GB 2, na rekodi zilizofutwa huendelea kukalia nafasi mpaka utumie Compact and Repair, kifaa cha Access cha kubana na kurekebisha faili. Ukiona faili linarudi GB 1.5 hata baada ya kubanwa, anza kupanga safari. Wenye FoxPro msisubiri ukubwa: Microsoft iliacha kuitegemeza Januari 2015, na viunganishi vyake ni vya biti 32 tu. Mara nyingi tunahamishia majedwali kwenye SQL Server Express au PostgreSQL, kanzidata zenye seva, na kuziacha fomu za Access zilivyo, watu waendelee na skrini wanazozijua. Lakini fomu inayopakia wateja wote ili kuonyesha mmoja itabaki nzito hata huko. Hiyo tunairekebisha kabla ya kuhama.

Kama faili lenu limeharibika leo, waambieni wote watoke, kisha nakilini faili hilo mahali pengine kabla hamjabofya Compact and Repair. Kurekebisha kunaweza kutupa rekodi ambazo sisi tungeweza kuziokoa. Tutumieni nakala hiyo ambayo haijaguswa, pamoja na nakala ya akiba ya mwisho mliyowahi kuifungua na kuona inafanya kazi, na mtuambie toleo la Office na kama ni biti 32 au 64. Kazi tunaifanyia nakala ya nakala. Ile mliyotuma inabaki kama ilivyofika mpaka mtakapothibitisha rekodi zenu zimerudi.