Safari ya kwenda kuona dishi

Wadau habari za jioni, nimesoma maoni yenu yote kuhusu tukaone darubini ipi ya redio (lile dishi kubwa linalonasa mawimbi ya redio toka angani), na kwa kweli naona twende kituo cha Hartebeesthoek, Afrika Kusini. MeerKAT, darubini nyingine ya huko huko yenye madishi 64, ni tamu zaidi lakini iko mbali huko nyikani Carnarvon, hela na siku zitatubana. Hartebeesthoek iko nje kidogo ya Johannesburg, na lile dishi lao kubwa lina upana wa mita 26, NASA walilijenga 1961 kufuatilia vyombo vya anga za mbali halafu baadae likageuzwa kusikiliza nyota, jamani mimi hilo nalitamani miaka!

Mawingu yasiwatishe, sio kama ile siku kule mjini Moshi tulivyokaa hadi usiku bila kuona kitu, darubini ya redio inapiga kazi hata mchana. Ila simu mnazima kabisa sio sailenti, mawimbi ya nyota yanafika dhaifu mno, simu moja tu inayafunika.

Barua ya kuwaomba Hartebeesthoek tutembelee natuma kesho, tiketi msikate mpaka wajibu. Pasipoti angalieni tarehe leo leo. Jumamosi saa kumi tukutane Mnara wa Saa tupange michango