Mhariri, tuandikieni na vyakula vya huku kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu. Ukurasa wa afya huusoma kila ukitoka na sina ubaya nao, lakini wajameni hizo samoni na kinoa mnazotuandikia, mtu wa Lamu atazitoa wapi? Hapa kisiwani hata kabeji yatoka Mpeketoni, ifike Mokowe, ipakiwe boti ndo tuione sokoni pale kando ya ngome, sasa wewe waniambia nitafute brokoli.

Yale mafuta mazuri ya samaki mnayoyasifu yamo pia kwa samaki wa huku waitwao simu na una, ambao watu huwadharau ati ni wadogo na wana miba. Wapake ndimu, kitunguu thomu na pilipili, wachome kwa makaa, basi. Kusi ikivuma samaki akiadimika kuna mbaazi, kunde na pojo, na mchicha ukiukamulia ndimu mwili huyapata vizuri zaidi yale madini ya chuma. Mbona haya hamuandiki?

Halafu tui. Kila mtaalamu akigusa chakula cha Pwani lazima aligombeze tui kwanza. Sikatai, mafuta ya nazi mengi ni yale ya kuganda na mwenye shida ya moyo lazima ajichunge. Lakini mimi mbaazi zangu huzipika kwa tui la pili mpaka zikaiva, kasimele, yaani lile tui zito la kwanza, natia vijiko viwili vitatu tu nikikaribia kuepua, na ladha iko pale pale, nazi moja yatosha sufuria nzima na ya watu wengi.

Kwangu mimi kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yaani hata kijiko kimoja cha chai hakijai, na hapo ni vyakula vyote vya siku pamoja. Sasa angalia mchuzi wa papa: papa mwenyewe amekaushwa kwa chumvi, mtu hakumroweka usiku kucha wala kumbadilisha maji, akatia vidonge vya supu viwili, halafu anaonja asema haujakolea anaongeza chumvi tena! Na mezani achari yangoja. Presha itaacha kupanda kweli?

Ya watoto sitaki hata kuanza, pesa ya asubuhi yaishia viazi karai na soda, na mafuta ya kukaangia ni ya juzi yashakuwa meusi, na nyumbani mbaazi za usiku zimebaki na mkate wa mofa upo.

Ombi langu mtafuteni mama wa huku, ama wa Malindi anaejua kupika mchunga na bamia, mpeni hata nusu ukurasa kwa mwezi. Na vipimo viwe vya kikombe na kijiko tafadhali, manake mizani za jikoni wengi wetu hatuna.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu