Shukrani kwa fundi wa Makambako

Kaka wa koti la kijani pale njia panda ya Njombe, jina lako sikulishika, lakini Mungu akuzidishie. Taa ya kushoto ya Peugeot 504 ya marehemu baba ilikuwa inafifia, ukiwasha fulu ndiyo inazidi kufa. Wengine walishaniuzia balbu na fyuzi. Wewe uliunga kipande cha waya kutoka hasi ya betri hadi ethi ya taa (ule waya wa kurudisha umeme), ikawaka papo hapo! Kumbe balbu nzima, ila umeme ulikosa njia ya kurudi: kutu pale waya unapofungwa kwenye bodi. Ukasugua kwa msasa, ukakaza nati, ukapaka grisi. Hela ukakataa, ukataka soda (tena ya baridi, kwa Makambako ile!). Ukifika Mbeya, ulizia wauza viazi Soko la Soweto. Gunia lako lipo.